Nilishika Namba Moja Nikiwa Sakafuni

Siku jina langu lilipopanda namba moja kwenye chati ya wanablogu, mimi nilikuwa nimelala sakafuni, naitazama chupa ya maji juu ya meza, na siwezi kuifikia.

Watu walikuwa wananipongeza mtandaoni. Simu yangu ilikuwa imezima chaji. Sikujua lolote.

Ngoja niwasimulie vizuri. Mnivumilie tu, maana kuna mahali nitacheka na kuna mahali nitashindwa.

Mtandaoni wananiita Mpangaji. Naandika maisha ya chumba cha kupanga. Bomba linalotoa maji likijisikia. Baba mwenye nyumba anayekohoa kwanza pale nje kabla ya kugonga, ili ujiandae kisaikolojia. Jirani anayeazima pasi ikarudi na harufu ya shati la mumewe.

Mambo ya kawaida kabisa. Ila watu waliyapenda, nadhani kwa sababu karibu kila mtu amewahi kupanga.

Nilianza kwa utani nikiwa kwenye duka la fotokopi. Mashine ikiwa inachapa, mimi naandika. Baadaye utani ukanoga, fotokopi nikaiacha, na chumba changu ndicho kikawa ofisi.

Sasa kuna tovuti moja inaitwa Ukumbi. Kila Jumatatu asubuhi inatoa chati ya wanablogu kumi mashuhuri. Wanaangalia watu waliokutembelea, maoni uliyopata, na kama umeposti kila siku bila kukosa.

Hilo la mwisho ndilo linalotumaliza. Kuna jamaa alikuwa wa tatu, akaoa, akapumzika kidogo na mkewe kama binadamu wengine. Kurudi, hayumo hata kwenye kumi. Leo ukimtaja, watu wanauliza ni nani huyo.

Mimi niliogopa sana kuwa huyo jamaa. Nasema ukweli. Nikiamka, kabla ya kupiga mswaki, naangalia takwimu. Nikila, naangalia takwimu. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokula na mtu.

Nilikuwa wa pili. Nimekaa nafasi ya pili mpaka ikawa kama nimeipanga.

Wa kwanza alikuwa Msusi.

Msusi ana saluni kweli, na anaandika yale wateja wanayomwaga wakiwa wameinamisha kichwa. Mama huyo ana mdomo. Siku moja niliandika kwamba posti zake ni ndefu kuliko rasta anazosuka. Akanijibu mbele ya kadamnasi: "Mpangaji kila wiki analilia bomba. Si ahamie kisimani?"

Sikumwacha. Nilimrudishia hapo hapo. Naye akanirudishia. Watu wakavuta viti wakaangalia.

Ikawa ndiyo maisha yetu. Akinigusa asubuhi, simalizi chai kabla sijamjibu. Nilikuwa na ndugu ambao ujumbe wao wa simu unakaa siku nzima bila kufunguliwa, lakini Msusi hakuwahi kunisubiri.

Ana kwa ana tulikutana mara moja tu, kwenye hafla ya Ukumbi. Alinitazama kuanzia nywele mpaka viatu.

"Kumbe ndiye wewe. Nilidhani mrefu."

"Na mimi nilidhani msusi huwa anajisuka," nikamwambia.

Tukaachana hapo.

Ugonjwa ulianza kama mafua. Nikaandika posti ya mafua, ikapata laiki nyingi. Halafu ikaja homa. Halafu kifua kikaanza kubana, nikivuta pumzi nasikia kisu ubavuni.

Alasiri moja nilisimama kuchemsha maji, chumba kikazunguka. Nikakaa kitandani na simu mkononi. Chaji ilikuwepo. Bando lilikuwepo.

Nina kaka mmoja. Tumezaliwa wawili tu, wazazi wetu wametangulia. Anaishi mji mwingine na familia yake, ni mwendo wa basi wa kutwa. Ningempigia angepokea, maana kaka yangu hupokea hata akiwa anaoga.

Sikumpigia.

Nilifungua Msaidizi.

Kwa msiojua, Msaidizi ni programu ya kupanga posti. Wanablogu wote wa chati tunayo, hata wanaokataa. Unaipa posti, inaziachia zenyewe kila siku. Posti zikiisha, inaingia ghalani, inatoa posti zako za zamani, inazivisha picha mpya na kuzitoa tena. Na watu wakiandika maoni, inawajibu kwa sentensi utakayoichagua, kwa jina lako, ili uonekane upo.

Nikachagua sentensi. "Asante sana mpendwa, ubarikiwe."

Mtu mwingine akiumwa anaita ndugu. Mimi nilipanga ratiba.

Na mkitaka kujua, nilijisikia nafuu. Nilijifunika blanketi nikajiambia, sasa hata nikilala, nafasi yangu ipo salama.

Baada ya hapo siku zilichanganyika. Nilikuwa nasinzia, nashtuka nimelowa jasho, nakunywa maji, nasinzia tena. Kila nikishtuka najiambia kesho nitaamka mzima niende hospitali kwa miguu yangu. Simu ikazima. Chaja ilikuwa kwenye soketi ya karibu na mlango, na mlango ulikuwa hatua chache tu, lakini kwangu ulikuwa mbali sana.

Asubuhi ile niliamka na kiu. Chupa ya kitandani ilikuwa tupu, nyingine ilikuwa mezani. Nikajaribu kusimama, miguu ikakataa. Nikaanguka chini, na pale chini nikabaki.

Nikasikia kandambili koridoni. Alikuwa mama wa chumba cha pili anatoka kuanika nguo. Nikajaribu kumwita. Ilitoka pumzi tu, sauti haikuwepo.

Akapita.

Simlaumu. Yule mama ndiye wa ile pasi. Kuna mtu alimwonyesha posti yangu, akajisoma pale mwanzo mpaka mwisho, na tangu siku ile tukawa hatusalimiani. Mimi niliona sawa tu, kwa sababu ile posti ilifanya vizuri sana.

Basi nikawa nimelala nawafikiria wasomaji wangu. Wale wanaoandika "dada unatujua sisi", "dada umenigusa", "dada bila wewe siku haianzi". Wengi mno. Nikawa najiuliza, katika wote hawa, nani anajua mlango wangu ni upi. Sikumpata hata mmoja. Nililia, tena nililia bila machozi, maana maji yenyewe mwilini yalikuwa yameisha.

Halafu mlango ukagongwa.

"Mpangaji."

Nikanyamaza. Si kwa kiburi, sikuwa na sauti.

"Mpangaji, fungua. Najua umo, kandambili zako hizi hapa nje."

Nikasikia kandambili nyingine zinarudi. Mama wa chumba cha pili.

"Unamtafuta nani?"

"Huyu dada wa humu."

"Huyo hafungui mlango, huyo. Muda wote anaandika."

"Mara ya mwisho umemwona lini?"

Kandambili zikasogea karibu na mlango.

"Kumwona kwa macho? Siwezi kusema uongo, sikumbuki. Ila mzima, jana tu nimeona ameposti."

"Mama yangu, posti ya jana ni ya mwaka juzi. Nisaidie hapa."

"Tumwite baba mwenye nyumba alete ufunguo?"

"Wa nini? Hiki kitasa ni kibovu. Mwenyewe alishakiandika kwenye blogu yake. Unaunyanyua mlango kwanza, ndiyo unasukuma."

Nikasikia mlango unanyanyuliwa. Ukafunguka kwa mlio ule ule wa kila siku.

Akaingia mwanamke mwenye aproni ya saluni, kitana kimechomekwa kwenye nywele. Nilimtambua, lakini nikadhani ni homa. Nikajiambia, sasa nimeanza kuota maadui.

Akapiga magoti, akanishika paji la uso, akautoa mkono haraka.

"Anaungua huyu. Mama, shika miguu."

Mama wa chumba cha pili akashika miguu. Kabla ya kuinua alinitazama usoni.

"Pole, mwanangu," akasema. "Nimepita hapa asubuhi. Nimepita kabisa."

Hospitali sikumbuki kufika. Nakumbuka dari nyeupe, dripu, na muuguzi mwenye miwani ananiandikisha.

"Nani ndugu wa mgonjwa?"

"Niandike mimi," akasema Msusi.

"Uhusiano?"

"Adui."

Muuguzi akainua kichwa, akamwangalia juu ya miwani.

"Andika dada," Msusi akasema. "Yetu ni marefu, hayatoshi kwenye hayo makaratasi yako."

Ilikuwa nimonia. Daktari alisema ningechelewa kidogo tu, wangekuwa wanaongea na mtu mwingine. Mtu gani, sijui, maana hakuna aliyekuwa na namba ya kaka yangu. Simu ilikuwa imebaki chumbani.

Nilipoweza kuongea, Msusi alikuwa kwenye kiti pembeni, anamenya chungwa kana kwamba chungwa limemkosea.

"Ulijuaje?" nikamuuliza.

"Nilijuaje nini?"

"Kwamba naumwa."

Akanipa kipande cha chungwa kwanza.

"Kwanza niliona posti ya bomba," akasema. "Nikaona, hii nimeshaisoma. Kesho yake ikaja ya baba mwenye nyumba na kikohozi chake. Hiyo nayo nimeshaisoma. Umeweka picha mpya ukadhani sisi wote wajinga."

"Wewe huwa unanisoma?"

"Nimsome nani basi? Huyo wa nne, wa kuandika habari za paka?" Akajifuta mikono kwenye aproni. "Nakusoma zote. Adui yangu halafu nisikusome?"

Nikamalizia kile kipande cha chungwa.

"Nikafurahi, usidhani nilisikitika. Nikasema leo nimekukamata. Nikaandika posti, nikaiita Mpangaji Anatulisha Kiporo. Nikaweka ya zamani na ya sasa, ubavu kwa ubavu. Nikakuita mvivu. Nikakuita mwizi wa nafasi za watu. Halafu nikakaa pale saluni nakusubiri uje, nina majibu yangu matatu mfukoni."

"Nikaja?"

"Ukaja."

Akatoa simu, akatafuta, akanisomea kwa sauti kavu kabisa.

"Asante sana mpendwa, ubarikiwe."

Nilicheka. Kifua kilinikata vibaya, lakini nilicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka.

Msusi hakucheka.

"Niliisoma mara mbili. Nikasema hapana. Huyu mtu nimemwita mwizi, ananibariki? Nikajipa moyo kwamba labda umeokoka. Jumatatu ikafika, chati ikatoka, wewe wa kwanza. Unajua kwa nini? Watu wangu walikuja kwako kutazama hicho kiporo, wakakupandisha. Nimekupandisha mwenyewe kwa mikono yangu. Umenipita, na hujaniringia hata neno moja. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo."

"Ukafanyaje?"

"Nikampigia mwenye Ukumbi. Nikamuuliza, Mpangaji mzima? Unajua alinijibu nini? Takwimu zake ziko juu kabisa." Akasonya. "Nikamwacha mteja na kichwa nusu. Hilo jengo lako umeliandika mara ngapi? Fundi viatu mlangoni, ngazi isiyo na taa, kandambili za bluu nje. Mtu yeyote anayekusoma angefika."

Mtu yeyote anayenisoma. Nilirudia maneno hayo moyoni, na yaliniuma kuliko dripu.

"Na leo umeposti nini?" nikamuuliza, kubadilisha mada.

"Sijaposti. Wala jana." Akasimama, akakusanya maganda ya chungwa kwenye mfuko. "Wewe pona. Nina hamu ya kukutukana ukiwa na akili timamu."

Jioni ile ile mama wa chumba cha pili alikuja na simu yangu na chaja. Alikuwa amenifulia shuka. Tukasalimiana kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akauliza nitakula nini, nikamwambia chochote, akasema basi ataleta uji. Tukaishia hapo, lakini alikaa mpaka wakamwambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Simu ikawaka. Pongezi zikamiminika mpaka ikaganda. "Hongera Mpangaji." "Unajituma dada." "Namba moja wetu." Chini ya kila moja, Msaidizi alikuwa ameshukuru na kubariki.

Nikampigia kaka. Akapokea mara moja, kama kawaida yake.

"Mdogo wangu. Nimeona, umekuwa wa kwanza. Wifi yako amewaambia mpaka majirani."

"Kaka, niko hospitali."

Nikasikia anapunguza redio.

"Tangu lini?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, homa, sakafu, Msusi, dripu. Hakunikatiza.

"Lakini nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza wapi, kaka?"

"Nilikupigia, hupatikani. Nikapiga tena, hupatikani. Nikaingia kwenye ukurasa wako nikaandika pale chini na wale watu wako. Nikaandika, mdogo wangu, simu haipatikani, u mzima? Ukanijibu."

Nilijua jibu. Lakini alinisomea.

"Asante sana mpendwa, ubarikiwe. Nikamwambia wifi yako, mzima huyu, amenijibu. Tukalala."

"Kaka, ile siyo mimi. Ni programu. Inajibu yenyewe."

"Inajibu yenyewe."

"Ndiyo."

"Huyo adui yako alijua siyo wewe?"

"Alijua."

Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

"Sasa mimi ningejuaje, mdogo wangu?" akasema. "Mbona siku zote ndivyo unavyonijibu?"

Akasema anakwenda kukata tiketi ya basi la asubuhi, akakata simu.

Nikafungua ujumbe wetu, mimi na yeye. Nikaanza kupanda juu.

"Mdogo wangu, mwanetu ametembea leo. Hatua nne." Nikajibu: "Asante kaka, ubarikiwe."

"Leo nimekwenda kusafisha kaburi la mama. Nimemsalimia kwa niaba yako." Nikajibu: "Asante sana kaka, ubarikiwe."

"Daktari ameniambia nina presha. Nimeogopa kidogo." Nikajibu: "Asante kaka kwa taarifa. Ubarikiwe."

Nikapanda juu, juu, juu. Msaidizi hakuwa anafika huko. Huko programu haina ruhusa ya kuingia. Yote yale niliyaandika mimi, kwa vidole vyangu, nikiwa mzima, huku jicho moja likiwa kwenye takwimu.

Adui yangu ndiye aliyekuwa anapata maneno yangu. Ndugu yangu alikuwa anapata mabaki.

Nikaingia kwenye Msaidizi nikaifuta. Iliniuliza kama nina uhakika, nikabonyeza ndiyo. Jumatatu iliyofuata Msusi alikuwa wa saba kwa sababu ya zile siku alizokaa kwenye kiti kando ya kitanda changu hospitali. Hakuwahi kunitajia hilo, niliona mwenyewe. Mimi sikuwemo kabisa. Hakuna aliyeuliza nimekwenda wapi, isipokuwa mtu mmoja aliyeandika "dada posti ya leo mbona hatujaiona", na mwingine akamwambia ahamie kwa yule wa paka.

Kaka alifika na begi dogo, amevaa sweta kinyume kwa haraka. Alisimama mlangoni mwa wodi akaanza kutazama vitanda kimoja kimoja. Alinipita. Akarudi. Nilikuwa nimekonda, na yeye ameota mvi ambazo sikuwa nazijua.

"Presha yako inaendeleaje?" nikamuuliza.

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Akaanza kunieleza, tangu siku ile daktari alipomwambia. Nikamshika mkono, tukakaa hivyo.

Sitawaambia mfunge kurasa zenu wala mzikimbie chati. Mimi nitaendelea kuandika, ndiyo kazi ninayoijua. Nawaomba kitu kimoja tu. Mtu wako akikuandikia, mjibu kwa namna ambayo siku mashine ikimjibu kwa jina lako, atajua mara moja kwamba siyo wewe.

Maoni andikeni hapo chini, nitayajibu mwenyewe. Ila nitachelewa. Nimetoka hospitali juzi, kaka bado yuko hapa kwangu, na ameanza kunisimulia mambo ya miaka ambayo sikuwepo.